Stakabadhi anazopaswa kuwa nazo mwenye nyumba za kupangisha

WENYE nyumba wengi humu nchini huanza kutafuta stakabadhi siku ambayo mpangaji amekataa kulipa kodi. Ni siku hiyo wanapogundua kwamba mkataba haukuandikwa, risiti hazikutolewa na pesa za amana zilipokewa mkononi bila shahidi. Kwa kukosa la kufanya, baadhi yao huchukua kufuli na kuufunga mlango, hukata maji na umeme, au hata hung'oa mabati mchana peupe huku majirani wakitazama.

Kwa kufanya hivyo, mtu aliyekuwa akidai haki yake hugeuka kuwa mshtakiwa. Mpangaji aliyekuwa na deni la miezi mitatu huenda mahakamani akiwa mlalamishi, na mwenye nyumba hulazimika kueleza ni nani aliyempa idhini ya kumtoa mtu nje.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya nyumba za makazi, msemo huo una uzito wa kisheria. Mzozo unapozuka, hakimu hamwulizi mwenye nyumba ametumia pesa ngapi kujenga. Humwuliza karatasi zake ziko wapi.

Makala haya yanaeleza stakabadhi hizo, kuanzia kabla mpangaji hajaingia hadi siku anapoondoka.

Sheria ipi inahusika?

Jambo la kwanza ambalo mwenye nyumba anapaswa kulifahamu ni kwamba nyumba zote za kupangisha haziongozwi na sheria moja.

Nyumba za makazi ambazo kodi yake ya kiwango haizidi Sh2,500 kwa mwezi ziko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296 ya Sheria za Kenya. Kiwango hicho kiliwekwa miongo mingi iliyopita na hakijabadilishwa, ndiposa leo sheria hiyo inagusa hasa vyumba vya bei ya chini katika mitaa ya mabanda na miji midogo. Mizozo yake husikilizwa na jopo maalumu la kodi za nyumba za makazi.

Nyumba za makazi zinazotozwa kodi ya juu zaidi huongozwa na mkataba wa wahusika pamoja na Sheria ya Ardhi ya 2012. Mizozo yake hupelekwa kwa mahakama ya hakimu au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa kutegemea thamani ya kinachozozaniwa.

Maduka, hoteli na mikahawa yana sheria yake, Sura ya 301, na jopo lake. Hii ina maana kwamba mwenye jengo lenye maduka chini na vyumba vya kulala juu anatawaliwa na sheria mbili katika jengo moja. Fomu ya notisi aliyompa mwenye duka haimfai mpangaji wa orofa ya pili.

Kabla ya kupangisha

Stakabadhi ya kwanza ni ile inayoonyesha kwamba anayepangisha ana mamlaka ya kufanya hivyo. Kwa aliyenunua au kujenga kwa jina lake, hiyo ni hatimiliki au hati ya ukodishaji wa ardhi, pamoja na risiti za ada za ardhi zinazolipwa serikali ya kaunti.

Ugumu huwa mkubwa katika ploti za familia. Baba anapofariki, aghalabu kifungua mimba huanza kukusanya kodi mwezi unaofuata kana kwamba nyumba zilikuwa zake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inaharamisha jambo hilo. Asiyepewa na mahakama hati ya kusimamia mali ya marehemu hana ruhusa ya kuitumia wala kuigawa, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi Sh10,000, kufungwa jela hadi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Zaidi ya hayo, atatakiwa kuwahesabia warithi wenzake pesa zote alizopokea.

Aidha, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kwamba mali ya ndoa haiwezi kukodishwa bila idhini ya mume na mke. Ni busara idhini hiyo iwe ya maandishi na ihifadhiwe pamoja na hatimiliki.

Anayeishi ughaibuni na kumwachia ndugu yake nyumba azisimamie anapaswa kumpa hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili. Simu na ujumbe wa pesa havimpi ndugu huyo uwezo wa kutia sahihi mikataba wala kusimama mahakamani kwa niaba ya mwenye mali.

Stakabadhi ya pili ni ya jengo lenyewe. Ramani iliyoidhinishwa na kaunti na cheti cha kuruhusu watu kuhamia jengo huthibitisha kwamba nyumba ilijengwa kwa utaratibu na inafaa kukaliwa. Mnamo Aprili 2016, jengo la orofa sita liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na zaidi ya watu 40 wakaangamia. Walikuwa wapangaji waliolipa kodi kama wengine. Hakuna mpangaji anayeweza kukagua nondo zilizomo ndani ya zege. Cheti ndicho kinachosema kwa niaba yake kwamba kuna mtaalamu aliyekagua.

Mkataba wa upangaji

Wapo wanaodhani kwamba asiyeandika mkataba hana mkataba. Hilo si kweli. Sheria ya Ardhi inatambua upangaji wa muda mfupi, yaani usiozidi miaka miwili na usio na kipengee cha kuongezwa muda, hata kama ulikubaliwa kwa mdomo. Pale ambapo muda haukutajwa na kodi hulipwa kila mwezi, sheria huuhesabu kuwa upangaji wa mwezi hadi mwezi.

Fauka ya hayo, sheria hiyo inaingiza masharti katika kila upangaji, yawe yaliandikwa au la. Mwenye nyumba anatakiwa kumwacha mpangaji akae kwa amani bila kusumbuliwa. Anatakiwa kuhakikisha kwamba nyumba inafaa kuishi binadamu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Inapokuwa sehemu tu ya jengo imekodishwa, paa, kuta kuu, mitaro mikuu na njia zinazotumiwa na watu wote ni jukumu lake kukarabati. Mpangaji naye anatakiwa kulipa kodi kwa wakati, kuitunza nyumba na kumruhusu mwenye nyumba kuikagua baada ya kuarifiwa mapema.

Kwa hivyo, mwenye nyumba asiyeandika mkataba anakuwa amekubali mkataba ulioandikwa na Bunge, na anapoteza nafasi ya kuongeza yale yanayomhusu yeye na ploti yake. Usiandikie mate na wino ungalipo.

Mkataba mzuri hauhitaji kurasa nyingi. Unapaswa kutaja majina kamili ya wahusika na nambari zao za vitambulisho, nyumba yenyewe na nambari ya mlango, kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa na njia ya kulipa. Utaje anayelipia maji, umeme, taka na ulinzi. Utaje ni watu wangapi watakaoishi humo, kama mpangaji anaweza kumpangisha mtu mwingine, kodi itapandishwa lini na kwa kiasi gani, na notisi itakuwa ya muda gani kwa kila upande. Kisha utiwe sahihi na pande zote mbele ya shahidi, na kila upande ubaki na nakala.

Upangaji unaozidi miaka miwili ni jambo jingine. Huo hauna budi kuwa wa maandishi, kushuhudiwa na kusajiliwa katika afisi ya ardhi. Hapo huduma za wakili hazikwepeki.

Mkataba wa maandishi pia hutozwa ushuru wa stempu kwa mujibu wa Sura ya 480. Kiwango ni asilimia moja ya kodi ya mwaka kwa upangaji wa hadi miaka mitatu, na asilimia mbili kwa ule unaozidi hapo. Muda wa kulipa ni siku 30 tangu kutia sahihi. Wengi hupuuza hatua hii kwa kuwa hakuna anayewauliza, lakini mkataba usiopigwa stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi katika kesi ya madai hadi ushuru na faini vilipwe. Katika nyumba ya Sh15,000 kwa mwezi, kodi ya mwaka ni Sh180,000 na ushuru wake ni Sh1,800. Ni gharama ndogo ikilinganishwa na kesi iliyokwama.

Amana na orodha ya vifaa

Hakuna jambo linalozua ugomvi kama amana, au depoziti kama inavyoitwa mitaani. Kwa nyumba zilizo chini ya Sura ya 296, mwenye nyumba haruhusiwi kudai malipo ya ziada kama sharti la kumpa mtu chumba. Kwa nyumba nyingine, kiasi cha amana na masharti ya kuirejesha hutegemea mkataba. Ikiwa mkataba haukusema kitu, kila upande husimulia kivyake.

Dawa ya ugomvi huo ni karatasi moja inayosahaulika: orodha ya hali ya nyumba. Siku ya kuingia, mwenye nyumba na mpangaji wapite pamoja chumba kwa chumba. Waandike idadi ya funguo, hali ya vioo, makufuli, mabomba, sinki, swichi na rangi ya kuta, pamoja na nambari za mita za maji na umeme. Wote watie sahihi. Picha za simu zilizopigwa siku hiyo zihifadhiwe pia.

Siku ya kuondoka, orodha hiyo hiyo hutumiwa. Kioo kilichokuwa kizima na sasa kimevunjika hukatwa kwenye amana kwa bei inayothibitishwa na risiti ya fundi. Rangi iliyofifia baada ya miaka minne ya kukaliwa si uharibifu, ni uchakavu wa kawaida. Bila orodha, mwenye nyumba hana njia ya kuonyesha kwamba kioo hicho hakikuwa kimevunjika tangu awali, wala mpangaji hana njia ya kujitetea akisingiziwa.

Risiti na kitabu cha kodi

Sura ya 296 inamtaka mwenye nyumba aweke kitabu cha kodi kinachoonyesha malipo ya kila mpangaji. Hata kwa nyumba zisizoguswa na sheria hiyo, kitabu hicho ndicho moyo wa biashara. Kila nyumba iwe na ukurasa wake. Kila malipo yaandikwe tarehe, kiasi, mwezi unaolipiwa na salio.

Malipo kwa M-Pesa na benki yamerahisisha mambo, lakini hayajaondoa haja ya kitabu. Ujumbe wa simu unaonyesha kwamba pesa zilitumwa. Hauonyeshi kama zilikuwa za kodi ya Machi, deni la Januari au bili ya maji. Sheria ya Ushahidi inatambua rekodi za kielektroniki, ila zinapowasilishwa mahakamani huhitaji cheti cha kuzithibitisha. Risiti ya maandishi inayotaja mwezi na salio huepusha mvutano huo wote.

Ushuru

Tangu Januari 1, 2016, wenye nyumba za makazi ambao ni wakazi wa Kenya wamekuwa na utaratibu wao maalumu wa kulipa ushuru. Kiwango cha kwanza kilikuwa asilimia 10. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikipunguza hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 1, 2024.

Utaratibu huo unawahusu wanaopata kodi ya zaidi ya Sh288,000 na isiyozidi Sh15 milioni kwa mwaka. Ushuru huhesabiwa kwa kodi yote iliyopokewa, bila kuondoa gharama za ukarabati, mishahara ya walinzi au riba ya mkopo wa benki. Taarifa huwasilishwa kupitia mtandao wa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) na malipo kufanywa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asiyependa kutumia utaratibu huo anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA na kurudi katika mfumo wa kawaida wa kila mwaka, ambamo gharama huondolewa kwanza kabla ya ushuru kukokotolewa.

Tuchukue ploti yenye vyumba 10, kila kimoja kikitozwa Sh12,000. Vyote vikilipiwa, mapato ya mwezi ni Sh120,000 na ushuru ni Sh9,000. Vyumba viwili vikikaa bila watu, mapato hushuka hadi Sh96,000 na ushuru hadi Sh7,200. Ni kitabu cha kodi pekee kinachoweza kuieleza KRA kwa nini kiasi kilipungua mwezi huo. Anayechelewa kulipa hutozwa faini ya asilimia tano ya ushuru anaodaiwa pamoja na riba ya asilimia moja kila mwezi. Rekodi zote zinafaa kuhifadhiwa kwa miaka isiyopungua mitano.

Wanaopata chini ya kiwango hicho hawako nje ya sheria. Wao hutakiwa kutaja mapato hayo katika taarifa yao ya ushuru ya kila mwaka.

Ajenti na siri za wapangaji

Anayemwachia ajenti usimamizi wa nyumba zake anafaa kuhakikisha kwamba ajenti huyo amesajiliwa kwa mujibu wa Sura ya 533. Pili, waandikiane mkataba unaotaja asilimia ya malipo yake, siku ya kuwasilisha kodi, kiwango cha ukarabati anachoweza kuidhinisha bila kuuliza, na anayeshikilia amana za wapangaji. Wapangaji nao waarifiwe kwa barua kwamba watamlipa nani, na waarifiwe tena ajenti anapobadilishwa. Mpangaji aliyemlipa ajenti kwa nia njema hawezi kulaumiwa kwa urahisi ikiwa barua ya kumwachisha kazi haikumfikia.

Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019, nakala za vitambulisho, nambari za simu na barua za mwajiri anazochukua mwenye nyumba si karatasi za kutupwa ovyo tena. Zinapaswa kutumiwa kwa kazi iliyokusudiwa tu na kuwekwa mahali salama. Chini ya kanuni za 2021, wanaofanya biashara ya kusimamia nyumba wametajwa miongoni mwa wanaotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata kama biashara zao ni ndogo. Kubandika langoni majina ya wapangaji wenye madeni ni njia ya haraka ya kujitafutia kesi.

Notisi na kumwondoa mpangaji

Hapa ndipo stakabadhi zote zilizotangulia hupimwa. Pasipo mkataba unaosema vingine, upangaji wa mwezi hadi mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na notisi hiyo iishe siku ambayo kodi hulipwa. Iwe ya maandishi, itaje nyumba na tarehe, na mwenye nyumba abaki na nakala iliyotiwa sahihi na aliyeipokea au iliyo na ushahidi mwingine wa kufikishwa.

Mpangaji akikiuka masharti, kwa mfano kwa kutolipa kodi, Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye nyumba ampe notisi isiyopungua siku 30 kabla ya kuufuta upangaji. Notisi hiyo itaje kosa lenyewe na, ikiwa linaweza kurekebishwa, impe muda wa kulirekebisha.

Notisi ikiisha na mpangaji akabaki, hatua inayofuata ni kwenda mahakamani, au kwenye jopo kwa nyumba za Sura ya 296. Chifu au mzee wa mtaa anaweza kuwapatanisha, na mara nyingi upatanisho huo huokoa muda na pesa, lakini hana mamlaka ya kuamuru mpangaji atolewe. Chini ya Sura ya 296, kumnyima mpangaji huduma au kumsumbua ili ahame ni kosa la jinai.

Mwenye nyumba anayedai kodi ana njia nyingine, nayo ni kuagiza mali ya mpangaji ikamatwe chini ya Sura ya 293. Lakini kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni, wala si ya mlinzi wa ploti au vijana wa mtaani. Kwa nyumba za Sura ya 296, ni lazima kibali cha jopo kitangulie. Dalali naye atataka kuona hesabu ya deni, nayo hesabu hutoka kwenye kitabu cha kodi.

Pa kuanzia

Kwa mwenye nyumba ambaye tayari ana wapangaji bila stakabadhi, hajachelewa. Anaweza kuanza na daftari na kuandika hali ya kila nyumba ilivyo leo: nani anakaa, amelipa hadi mwezi gani, na amana yake ni kiasi gani. Kila mpangaji aonyeshwe ukurasa wake na kuutia sahihi. Kisha mkataba wa maandishi uandaliwe na kujadiliwa. Wapangaji wengi hawataukataa, maadamu unawalinda wao pia.

Hatua ya tatu ni kulinganisha daftari na yale yaliyowasilishwa kwa KRA, na ya nne ni kuweka nakala za karatasi zote katika faili moja kwa kila nyumba, mahali ambapo mke, mume au mtoto mkubwa anapajua. Nyumba huishi kuliko aliyeijenga, na anayerithi ploti bila faili hurithi pia mizozo yake yote.